Mlaji wa Diski

Seva ilikuwa kwenye ofisi ya ardhi, mji mwingine kabisa. Mwanaidi aliisimamia kwa mtandao akiwa jikoni kwake, kompyuta imekaa juu ya ndoo ya unga. Asubuhi hiyo diski ilijaa pomoni, na bosi wake, Bwana Mshangama, akapiga simu.

"Binti, futa zile sauti za wazee. Zinakula nafasi bure."

Wazee hao walirekodiwa wakieleza mipaka ya mashamba yao. Kesi ya mipaka hiyo ingesikilizwa Jumatatu, na nakala nyingine hakuna.

"Ngoja kwanza nimwone mlaji," Mwanaidi akasema, akapekua. "Nimempata, bosi. Ni wewe, una suti nyeupe, unalishwa keki. Video ya harusi umeiweka mara tisa."

"Hayo hayakuhusu."

"Nimekuachia moja, nane nimefuta. Sasa diski iko nusu tupu."

Bosi akakohoa. "Na sauti futa."

"Si nafasi ipo?"

"Futa, Mwanaidi. Au kesho utafute kazi nyingine."

 Mwanaidi akaanza kuzishusha sauti zote kwenye kompyuta yake mwenyewe. Huku zinashuka, akaiegemeza simu kwenye spika, akafungua faili la kwanza, akapandisha sauti mpaka mwisho.

"Mimi naitwa Binti Chande," bibi mmoja akaanza, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima. "Shamba langu linaanzia pale kisimani, linapanda hivi..."

Kwenye simu, bosi alisikika akipumua. Hakukata.