Chai ya Kibwana

Mtambo wa kompyuta pale kazini haukujua msiba. Kila Mwanahawa alipozima seva kuukuu ili kuzipisha mpya, programu zilizokuwa humo zilifufuka zenyewe kwenye seva nyingine.

Mojawapo ilikuwa ya Kibwana, mumewe marehemu. Aliiandika kwa utani enzi walipofanya kazi pamoja katika chumba hikihiki cha seva. Kila ikifufuka, ilimtumia Mwanahawa ujumbe: "Nimerudi, mke wangu. Chai ipo?"

Tangu asubuhi simu ilikuwa imeshalia mara mbili, na mara zote mbili Mwanahawa alitabasamu huku machozi yakimlengalenga. Sasa ilibaki seva kuukuu moja tu, na zile mpya hazikuikubali programu ya Kibwana, kwa kuwa iliandikwa kizamani.

"Dada, tuzime?" aliuliza Tunu, mwenzake wa kazi.

"Zima."

Programu nyingine zote zikahama. Kwenye skrini, mbele ya jina la Kibwana, yakatokea maneno: Inasubiri nafasi.

"Pole, dada. Hii haina pa kwenda tena. Niifute?"

"Iache."

Mwanahawa akafungua chupa ya chai, akamimina vikombe viwili, kisha akaisogeza simu karibu na kikombe cha pili.