Rudieni Ugomvi

“Rudieni ugomvi tangu mwanzo,” alisema Stefania.

Mume na mke wakatazamana.

“Wote?” mume aliuliza.

“Wote. Aliyekosea ni wakili, si ninyi.”

Wakili huyo alikuwa Raimundi. Alikuwa amemkemea mke kama shahidi wa upande wa pili, na wenzake walikuwa bado wanacheka. Semina hiyo ya kuwanoa mawakili wanaotetea watoto mahakamani ilifanyika Lipangalala, mjini Ifakara, masika ya mwaka 1996. Stefania, mkufunzi kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameagiza waigizaji wawili wajifanye wazazi wanaogombea mtoto. Asubuhi hiyo mume na mke walibisha hodi, miguu imejaa matope, wakasema wameelekezwa kwa mawakili wa watoto.

“Karibuni, tulikuwa tunawasubiri,” Stefania aliwaambia.

“Mlikuwa mnatusubiri sisi?” Mke alionekana kufarijika.

Raimundi alivuta pumzi. Akishindwa tena, angerudi Morogoro bila cheti, na kesi za watoto angezisikia kwa wenzake tu.

“Haya, mama,” alisema, safari hii kwa upole. “Mtoto anaitwa nani?”

“Eveline. Atakaa na mimi. Huyu Amedeus kazi yake kushinda kilabuni.”

“Nashinda kilabuni kwa sababu nyumbani nalishwa maneno,” alisema Amedeus. “Eveline ni wangu. Mtazameni masikio, ni haya haya.”

“Masikio ndiyo tunayomwombea yapungue,” alisema mkewe, Digna.

Mawakili wakapiga makofi. Mmoja alinong’ona kwamba mama huyu angefaa michezo ya redio.

Raimundi hakucheka. “Mimi simtetei baba wala mama. Namtetea Eveline. Sasa hivi yuko wapi?”

“Michenga, kwa bibi yake,” alijibu Digna. “Tulimpeleka asisikie tunavyogombana.”

“Nani amekwenda kumwona?”

Amedeus aliinamia kofia yake.

“Naogopa kwenda,” alisema hatimaye. “Mwenzangu atasema nimekwenda kumwiba.”

“Na mimi hivyo hivyo,” alisema Digna, machozi yakamtoka. Stefania aliwaonyesha mawakili machozi hayo kwa kidole, wayaangalie vizuri.

“Basi mteja wangu ana ombi moja,” alisema Raimundi. “Nendeni kwake leo, pamoja. Habari ya nani atakaa naye mtaizungumza mkishamwona.”

Amedeus alivaa kofia yake. Kisha akamuuliza mkewe taratibu kama ametia chochote tumboni tangu asubuhi. Digna akatikisa kichwa.

“Tutapitia mihogo njiani,” alisema Amedeus.

Wakainuka, wakampa Raimundi mkono, wakimwita mheshimiwa, wakatoka. Mawakili walijazana dirishani. Walimwona Digna akikaa nyuma ya baiskeli na kumshika mumewe kiunoni, Amedeus akikanyaga kuifuata njia ya Michenga.

“Mnaona?” alisema Stefania kwa fahari. “Hata barabarani hawajaacha kuigiza.”

Alikuwa bado anampongeza Raimundi mlango ulipobishwa. Mwanamume na mwanamke wasiowajua walisimama pale, wanahema, wamebeba mfuko wa nguo.

“Shikamooni, na mtusamehe sana,” alisema mwanamume. “Kivuko kilikwama mtoni, pale Kivukoni, tangu asubuhi. Sisi ndio wale waigizaji. Tugombane wapi?”