Aliyemchongea Arlette Dubay

Bi Verna Haskell anadai kwamba Jumatano ile, mbele ya posta, Daktari Pruitt alivua kofia kumsabahi Arlette Dubay, naye Arlette akampita kama anayepita nguzo ya simu. Anadai pia kwamba daktari alibaki ameshika kofia mpaka theluji ikamjaa kichwani. Hilo la theluji tuliache. Bi Verna akipika habari hasahau chumvi. Lakini la salamu ni kweli.

Arlette alikuwa ametoka kufungua barua ya bodi ya leseni, na hakuwa anaona mtu. Ilikuwa ya tano.

Ya kwanza ilisema alama za vidole hazisomeki. Si ajabu. Tangu utotoni, kila msimu wa mavuno, vidole hivyo vilichambua viazi ghalani, na udongo una msasa wake. Akazipiga upya. Ya pili ikasema bado hazisomeki. Ya tatu ikasema picha imepita miezi sita, maana miezi yenyewe iliishia kwenye vidole. Ya nne ikayakataa matokeo ya chuo kwa sababu bahasha ilikuwa imefunguliwa. Aliifungua mwenyewe, kwa hamu ya kuyaona.

Kila kitu alikirekebisha. Alikuwa na miaka minne ya chuo cha tiba asili, mitihani miwili aliyofaulu, na chumba alichokipaka rangi kwa mikono yake juu ya duka la vifaa. Kilichobaki ni karatasi moja ya jimbo. Bila karatasi hiyo angerudi ghalani, kwenye viazi.

Barua ya tano haikuwa na cha kurekebisha. "Tumepata taarifa kwamba unatibu watu bila leseni. Ombi lako limesimamishwa. Fika mbele ya bodi tarehe kumi na nne."

"Nani kanichongea?" aliuliza jikoni kwa Bi Verna, koti bado mwilini.

"Kwani ni kitendawili hicho? Nani hapa mjini anaogopa dawa za majani? Si Daktari Pruitt ndiye aliyekuita daktari wa nyasi, siku ya karamu ya maharage kanisani?"

"Alikuwa anatania."

"Utani wa mwenye duka kwa mwenye genge."

Arlette akakaa. "Sijamtibu mtu, Bi Verna. Hata wewe. Kila ukinionyesha goti nakwambia nenda kwa daktari."

"Na chai ya Jumatano je?"

"Chai ni chai. Na mimi nakunywa."

"Basi goti langu linaijua kuliko wewe," Bi Verna akasema, akamsogezea sahani. "Kula. Umekonda kama ufagio. Nani atatibiwa na ufagio?"

"Fomu ilitaka barua mbili tu za watu wanaoijua tabia yangu. Wewe na mchungaji mmezituma wenyewe. Sasa wanataka nini tena?"

"Mbili," Bi Verna akaguna. "Wanadhani una watu wawili tu duniani?"

Wiki mbili zilizofuata Arlette hakumtazama Daktari Pruitt usoni. Alipomkuta dukani alirudisha mkate na kutoka. Daktari alipopunga mkono kutoka kwenye gari, yeye alijifanya anafunga kamba za viatu. Moyoni alikuwa akiyapanga maneno atakayomsemea mbele ya bodi, akiyapanga na kuyapangua.

Tarehe kumi na nne aliendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda makao makuu ya jimbo. Nyuma ya meza ndefu walikaa watu watatu. Mwenyekiti, Bi Kettering, alikuwa na faili nene mbele yake.

"Kabla hamjaniuliza," Arlette akaanza, kwa hasira aliyoilea muda mrefu, "aliyenichongea namjua. Ni daktari mmoja anayeogopa kwamba—"

"Soma kwanza," mwenyekiti akasema, akalisukuma faili.

Mwandiko wa ukurasa wa kwanza Arlette aliujua kabla ya kusoma neno. "Tangu binti huyu arudi nyumbani ananitibu goti kila Jumatano. Madaktari walishindwa, yeye ameweza. Mpeni leseni yake. Verna Haskell."

Ya pili ilikuwa ya mchungaji: Arlette amemponya mkewe kikohozi. Mkuu wa posta alisifu alivyoondolewa kizunguzungu, kizunguzungu ambacho Arlette hakuwahi kukisikia. Mwalimu mstaafu alitibiwa kukosa usingizi. Mwenye duka la vifaa alitibiwa mgongo, mara tatu. Kila mmoja alimzidi wa kabla yake. Barua kumi na tisa, na kila moja chini ina kiapo na muhuri wa karani wa mji.

Ya ishirini ilikuwa fupi.

"Nimekuwa daktari wa mji huu miaka thelathini na moja. Arlette Dubay hajamtibu mtu yeyote. Kila aliyemwendea amemwelekeza kwangu, na wengine amewaleta kwa gari lake. Naapa kwamba huu ndio ukweli. Mpeni leseni. H. Pruitt."

Arlette aliisoma mara mbili.

Bi Kettering akavua miwani. "Watu kumi na tisa wameapa kwamba unatibu. Mmoja ameapa kwamba hutibu. Sisi hatuna ugomvi na wewe, Bi Dubay. Ila kuapa uongo katika jimbo hili ni kesi, na leseni haitatoka mpaka tujue nani ameapa uongo." Akaweka karatasi nyeupe na kalamu mbele yake. "Tuandikie majina."