Mgongo wa Askari

Bi Mwanashehe hakandi mgongo asiojua ulivyoumia. Ndiyo desturi yake: mgonjwa alale kifudifudi mkekani, aseme chanzo, ndipo mafuta yapashwe.

"Haya mwanangu, sema."

Yule bwana mnene, aliyeingia amejikunja kama ndoana, aliguna. "Vidonge vya hospitali nimemeza mpaka basi, mama. Ni kazi ya uaskari. Mwaka ule tulivunja mlango mmoja nyuma ya machinjio. Kijana akang'ang'ania tendegu la kitanda. Nikamvuta miguu, akaja na kitanda chake, mgongo ukanilia ko! Kwa hasira nikamponda vidole kwa kitako cha bunduki, kimoja kimoja, mpaka akaachia."

"Akasemaje?"

"Alimwita mama yake tu."

Siku hiyo Bi Mwanashehe alikuwa msibani. Aliporudi alikuta mlango uko chini na damu kwenye tendegu. Mwanawe hakuonekana tena. Kitanda kile anakilalia hadi leo.

Aliyamimina mafuta yakiwa ya moto kuliko kawaida. Bwana akapiga yowe, kisha akacheka. Vidole vikashuka pingili kwa pingili, vikaipata iliyoteguka. Kuirudisha alijua. Kuivunja alijua pia, na ni goti lile lile, pahali pale pale.

Akaliweka goti.

"Hapo hapo, mama," bwana akasema, akiushika ukingo wa mkeka kwa vidole vyote kumi. "Kaza."