Kisigino cha Soksi

Jirani yetu alirudi huku Nebraska kutoka kwao Norwei, akamletea mke wangu Ragnhild soksi za sufu kutoka kwa mama yake mzazi.

"Mama hajambo?" Ragnhild alimuuliza.

"Mzima, shemeji! Kutwa kugombana na mbuzi tu."

Ragnhild alicheka, akaingiza mikono ndani ya soksi, kisha akazigeuza atazame visigino.

Moja ilikuwa ya mkono wa mama, kisigino kimekazwa vizuri. Ya pili ilikuwa legelege, kazi ya dada yake Ragnhild, ambaye mama hakuwahi kumruhusu hata aguse sindano zake za kufumia.

Jirani aliinamia kikombe chake.

Ragnhild akamwongezea kahawa, akamsogezea na mkate.

"Kula kwanza," alimwambia. "Halafu utaniambia walimzika lini."