Bibi wa Kwenye Simu

Kwenye simu aliyokabidhiwa, Vidya alimwona bibi kizee aliyevaa sari, ameinama juu ya kinu, miwani imemshuka hadi ncha ya pua.

"Shikamoo mama," alisema kijana wa promosheni. "Gemu rahisi tu. Mrushie pakiti za bizari yetu, aanguke kabla hajamaliza kutwanga. Akianguka, unapata pakiti ya bure."

"Marahaba. Na asipoanguka?"

"Umeshindwa."

Foleni ya wachezaji ilikuwa imeziba mlango wa duka la viungo la Vidya, hapo Kariakoo, ambako tangu enzi za mama yake mteja huwekewa viungo kiganjani anuse kwanza ndipo anunue. Leo tangu asubuhi hakuna aliyenyoosha kiganja.

Vidya akabonyeza ANZA, akailaza simu juu ya kaunta, akakunja mikono.

"Rusha, mama! Muda unaisha!" watu wakapiga kelele.

Hakugusa kitu. Bibi akatwanga, akatwanga, ukingo wa sari ukimcheza begani, mpaka vilivyo kinuni vikawa unga. Neno UMESHINDWA likawaka kwa rangi nyekundu.

"Kashindwa nani?" Vidya aliuliza. "Mwenzenu si kamaliza kazi yake!"

Akaburuta kinu chake cha chuma hadi kizingitini, akamwaga iliki na karafuu, akashika mchi. Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Harufu ikatoka.

"Mama, unatuharibia promosheni," kijana alinong'ona.

"Ndiyo," alijibu, na kuzidi kutwanga.

Dada aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alivuta pumzi ndefu, akafungua kiganja.