Ndoo Jikoni

Somo la kwanza la kozi lilikuwa tayari: wanafunzi wa chuo wangeanza kwa kukokotoa mizunguko ya sayari kwa kompyuta. Wandera alikuwa amelihangaikia wiki nzima.

Ndipo mfereji wa jikoni, ulioachwa wazi tangu maji yalipokatika Jumatatu, ukakohoa. "Maji imerudi!" wapangaji wa ploti nzima, hapo mtaani Mowlem, wakapiga kelele.

Mama mwenye nyumba, mwalimu wake wa zamani ambaye sasa alikuwa akiandaa naye kozi hiyo, akatega ndoo na kuikodolea macho.

"Futa sayari, Wandera. Kompyuta ituambie hii itajaa lini."

Akafuta, akitabasamu. Mama huyu angeona hesabu hata kwenye sufuria ya ugali.

Majirani nao wakafungua mifereji yao. Maji yakapungua, yakawa uzi.

Mwalimu akapiga makofi. "Andika haraka! Kasi ya maji ikibadilika, itajaa lini? Somo la pili hilo."